Maji ya Maweni ni ya Nani?

Hakuna anayekana kwamba utalii umeifaa Zanzibar. Bei ya karafuu ilipoporomoka katika miaka ya 1980, hazina ya Serikali ilitetereka, na sheria ya vitega uchumi ya 1986 ikawafungulia milango wenye mitaji. Mwaka 2023 tulipokea wageni zaidi ya 638,000. Vijana wengi wa Nungwi, Kiwengwa na Paje wanapata riziki humo, na hayo tunayakubali bila ya kinyongo.

Lakini wako maofisa ambao wakishaitaja idadi ya wageni huona hesabu imekwisha. Sisi tunawaomba watie na maji ndani ya hesabu hiyo. Sehemu kubwa ya mashariki na kaskazini ya Unguja ni maweni. Mvua ikinyesha hupenya katika jiwe, na maji matamu hukaa juu ya maji ya bahari. Anayevuta kwa pampu kupita kiasi huleta chumvi, nayo chumvi haibagui: huingia kisima cha hoteli na cha kijiji pia. Mwenye hoteli atanunua maji ya gari, au mtambo wa kuondoa chumvi. Mama anayelima mwani Paje atakwenda wapi?

Uchunguzi uliotolewa mwaka 2012 na Tourism Concern, shirika la Uingereza, ulikuta kwamba chumba kimoja cha hoteli ya nyota tano kilitumia kwa wastani lita 3,195 kwa siku, na nyumba nzima ya mwenyeji lita 93. Tangu hapo hoteli zimezidi kujengwa.

Hatusemi wageni wafukuzwe. Mwaka 2020, maradhi ya korona yalipozuia ndege, sote tuliona wafanyakazi wa hoteli wakirudi makwao mikono mitupu. Tunalotaka ni kwamba kila kisima cha hoteli kifungwe mita, na lita zilizovutwa zibandikwe kila mwezi katika ofisi ya sheha, wananchi wazisome. Kibali cha hoteli mpya kisitolewe kabla ya wataalamu kupima visima vya kijiji jirani. Ardhi ilifanywa mali ya umma baada ya Mapinduzi ya 1964. Ni dhuluma maji yaliyo chini yake kuwa ya mwenye pampu kubwa. Wilaya ya Kaskazini A, ambako Nungwi imo, inaweza kuanza kabla ya kiangazi kijacho.