Asiyetulia na Anayezubaa: Hali Moja, Sura Mbili



Ndugu wasomaji, karibu katika kila chuo, kiwe hapa Voi mjini, kiwe Mwatate, Wundanyi au Taveta, maalim hukutana na watoto wawili wanaomtatiza. Wa kwanza jina lake hutajwa mara kumi kabla ya darasa kwisha. Miguu yake haitulii jamvini, hujibu swali kabla halijamalizika, humpokonya mwenzake kalamu. Wa pili ameketi karibu na ukuta, juzuu i wazi mbele yake, macho yamo ukurasani; lakini akiulizwa wamefika aya ipi, hajui. Wa kwanza huitwa mtukutu, na mzazi wake hupelekewa habari siku hiyo hiyo. Wa pili huitwa mvivu, na hakuna anayeitwa kwa ajili yake, kwani hakumsumbua mtu.

Nakusudia leo kuwaeleza wazazi wenzangu, khususan kina mama, kwamba huenda watoto hawa wawili wana hali moja yenye sura mbili, na kwamba aliye katika hatari ya kusahaulika ni yule aliyenyamaza.

Madaktari huiita hali hii kwa herufi nne, ADHD, yaani upungufu wa umakini pamoja na kutotulia kuliko kawaida. Jina lenyewe limechangia kupoteza watu njia, kwani msikilizaji hushika neno la kutotulia, asitambue kwamba yupo mwenye upungufu wa umakini ilhali ametulia tuli. Hata wataalamu hawakuafikiana kwa siku moja. Mwaka 1980, Jumuiya ya Madaktari wa Akili ya Marekani, ambayo kitabu chake cha kuainisha maradhi hutumiwa katika nchi nyingi, iliugawa upungufu huu mafungu mawili: wenye kutotulia na usio na kutotulia. Mwaka 1987 ikayaunganisha. Mwaka 1994 ikataja sura tatu: ya kughafilika, ya kutotulia na pupa, na ya mchanganyiko wa zote mbili. Tangu mwaka 2013 imesisitiza kuwa hizo ni sura tu, wala si aina zilizotengwa kwa ukuta, kwa kuwa mtoto aweza kuwa na sura moja akiwa na miaka 6 na nyingine akiwa na miaka 14.

Tuanze na mwenye kughafilika. Huyu hukosea katika mambo madogo anayoyajua. Huanza kazi asiimalize. Ukimsemesha ni kana kwamba hasikii. Hupoteza daftari, kiatu na nauli. Hukwepa kazi inayodai fikira ya muda mrefu, husahau aliyotumwa, na sauti ndogo ya nje humwondoa alipo. Ukimtuma dukani alete chumvi, sukari na kiberiti, hurudi na kiberiti peke yake, na hakukusudia kukuudhi.

Amma mwenye kutotulia, mwili wake ndio unaomshtaki. Huchezesha mikono na miguu, huinuka anapotakiwa kukaa, hukimbia na kupanda pasipopandwa, husema bila kikomo, hushindwa kungoja zamu yake, na huingilia maneno ya wakubwa. Pupa yake yaweza kumtia hatarini, kama kuvuka barabara kuu ya Mombasa bila kutazama upande wowote.

Tahadhari hapa, kwani hakuna mtoto asiyekuwa na baadhi ya dalili hizi. Kitabu hicho kimeorodhesha dalili 9 kwa kila sura, na kwa mtoto zinatakiwa zisipungue 6 katika sura moja, ziwe zimedumu kwa miezi 6 au zaidi, nyingine zilionekana kabla ya umri wa miaka 12, zijitokeze mahali zaidi ya pamoja, na ziwe zinamdhuru katika masomo au maisha yake. Mtoto anayezubaa chuoni tu, na nyumbani na skuli yuko timamu, huenda tatizo ni la darasa lile. Wala orodha hii si ya mzazi kumhukumia mwanawe jikoni; ni ya kumfumbua macho ajue lini atafute mtaalamu.

Wasichana wenye hali hii mara nyingi huja na sura ya kughafilika, na aghalabu hugunduliwa wakiwa wamechelewa kuliko wavulana. Dada zangu, yatazameni matokeo yake. Mvulana mtukutu hujadiliwa mpaka apatiwe dawa au nidhamu. Msichana aliyezubaa husifiwa kwa upole wake akiwa mdogo, kisha hulaumiwa kwa uzembe akiingia Gredi ya 7. Huanza kuambiwa kwamba masomo hayamwingii, kwamba bora akae nyumbani alee wadogo zake, hatimaye hutafutiwa mume. Na yeye mwenyewe huwa ameshaamini kuwa hana akili. Hiyo ni dhulma iliyofanyika bila mtu kuinua mkono, na mlango wake ulikuwa neno moja, mvivu.

Sababu ya hali hii haiko katika malezi mabaya. Ni namna ubongo ulivyokua, na hurithiwa sana katika ukoo. Si ajabu mama anayesoma mistari hii akajiona mwenyewe alivyokuwa binti. Wako wanaouliza, mbona katuni huzitazama saa nzima bila kupepesa? Jibu ni kwamba mtoto huyu hakunyimwa umakini wote. Linalomshinda ni kuuongoza. Jambo linalomvutia humteka, na lisilomvutia humponyoka hata akijilazimisha. Kadhalika tusikimbilie kusema ana jini au amefanyiwa hasadi. Dua na kisomo ni kinga ya Muumini, lakini dini yetu imetuamuru pia kutafuta tiba, na haya mawili hayagombani.

Kabla ya yote, mtoto achunguzwe mengine yanayofanana na kughafilika. Masikio yanayotoka usaha hupunguza usikivu. Macho mabovu humfanya asifuate ubao. Upungufu wa damu, njaa, na usingizi mchache humzubaisha. Malaria kali iliyopanda kichwani, jambo lisilo geni kwa watu wa nyanda za chini, yaweza kumwachia mtoto udhaifu wa umakini hata baada ya kupona. Msiba au ugomvi wa wazazi pia humwondolea utulivu. Na iko namna ya kifafa isiyoangusha: mtoto hukodoa macho kwa sekunde chache, ukimwita au kumgusa haitikii, kisha huendelea kana kwamba hapakutokea kitu. Mwenye kuzubaa tu, ukimgusa huzinduka. Tofauti hiyo ni muhimu sana. Ukiiona, mweleze daktari bila kuchelewa.

Katika Sahihi Muslim, Anas bin Malik (R.A.) amesimulia kwamba akiwa mtoto alitumwa na Mtume (S.A.W.) haja fulani. Njiani akawapita watoto wakicheza sokoni. Punde akahisi ameshikwa kisogo kwa nyuma. Kugeuka, ni Mtume mwenyewe, naye anacheka. Akamwita kwa jina la kudekeza na kumwuliza kama amekwenda alikoagizwa, naye akajibu kuwa anakwenda. Simsemi Sahaba huyu mtukufu kuwa alikuwa na maradhi, alikuwa mtoto. Ninachokitaja ni mwenendo wa mtumaji. Alimfuata mtoto alipokuwa, akamgusa, akamwita kwa upole, akamkumbusha jambo moja. Hayo ndiyo wanayoyahitaji watoto tunaowazungumza.

Kwa mwenye kughafilika, mkaribie, mtazamane, umpe agizo moja kwa wakati mmoja, naye alirudie kwa ulimi wake. Akaliswe mbele, mbali na dirisha na mlango. Hifdhi igawanywe: aya moja au mbili, apumzike, kisha arudie. Andika kazi za siku kwenye karatasi ukutani. Kwa asiyetulia, mpe ruhusa ya kujimudu: afute ubao, agawe misahafu, achote maji, halafu arudi kuketi. Msifu kwa dakika tano alizotulia badala ya kungoja dakika alizoharibu. Ama bakora, haiongezi umakini wa yeyote kati ya hawa wawili. Huongeza khofu, nayo khofu hufunga kichwa. Tena Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 imekataza adhabu ya kipigo skulini, na walimu wa vyuo hatuna sababu ya kuwa wakali kuliko sheria.

Mzazi mwenye shaka na aanze kwa kuwauliza mwalimu wa skuli na maalim wa chuo, kila mmoja kwa upande wake, wanaona nini. Ayaandike. Kisha aende kituo cha afya kilicho karibu au Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Moi hapa Voi, aombe mtoto apimwe macho, masikio na damu, na aulize kuhusu kuelekezwa kwa mtaalamu. Mwalimu mkuu naye aweza kumwelekeza kwenye kituo cha EARC cha Wizara ya Elimu, vituo vilivyoanzishwa mwaka 1984 ili kutathmini watoto wenye mahitaji maalumu. Dawa za hali hii zipo na huwafaa wengi, lakini hutolewa na daktari tu na kufuatiliwa naye. Isinunuliwe kwa ushauri wa jirani.

Basi wiki hii, unapomwona mwanao aliyenyamaza pembeni, usimpite kwa kuwa hajavunja kitu. Keti naye, umwulize amefika wapi, na umsubiri ajibu.

Wabillahi tawfiq.