Biji za Uchina na Kipimo Chetu cha Fasihi

Wahenga walisema, mdharau mwiba mguu huota tende. Methali hii inawafaa wahakiki ambao, baada ya kuigawa fasihi andishi katika mafungu ya riwaya, tamthilia, ushairi na hadithi fupi, huyafungia mlango maandishi yasiyoingia katika fungu lolote. Miongoni mwa maandishi yanayodhulumiwa na kipimo hicho ni biji, utanzu uliostawi nchini Uchina katika enzi za nasaba za Tang, Song, Ming na Qing. Biji ni mkusanyiko wa maelezo mafupi mafupi: visa vya jumba la mfalme, desturi za mitaani, vyakula, dawa, mizimu na maneno yaliyosikika barazani. Hauna msuko wala mhusika mkuu. Hata hivyo, ni kosa kuuita makombo ya fasihi.

Ushahidi wa kwanza ni Ouyang Xiu (1007–1072). Msomi huyu alishiriki kuandika historia mpya ya nasaba ya Tang, iliyokamilika mwaka 1060. Mkono huohuo uliandika Guitian lu, ambamo alikusanya mambo ya utawala ambayo wanahistoria rasmi hawakuyanakili, pamoja na mazungumzo na mizaha ya wasomi. Humo mna kisa cha bwana mmoja mkubwa, hodari wa upinde, aliyejivunia shabaha yake mbele ya mzee muuza mafuta. Mzee alitikisa kichwa kidogo tu. Akaweka sarafu yenye tundu juu ya mdomo wa kibuyu, akamimina mafuta yakapita tunduni bila kuilowesha sarafu, kisha akasema kwamba naye hana siri ila mazoea ya mkono. Si rahisi historia ya wafalme kumpa muuza mafuta nafasi ya kumfunza mkubwa unyenyekevu. Biji ilimpa.

Si kisa hicho pekee. Katika karne ya 11, Shen Kuo alieleza katika Mengxi bitan jinsi raia wa kawaida aitwaye Bi Sheng alivyobuni, kati ya 1041 na 1048, herufi za udongo uliochomwa zilizopangwa ili kupiga chapa, kisha zikapanguliwa na kutumiwa tena. Lau Shen Kuo angaliona jambo hilo dogo mno, jina la fundi huyo lingalipotea. Naye Meng Yuanlao, miaka 20 baada ya mji wa Kaifeng kutekwa mwaka 1127, aliandika juu ya vyakula, masoko na sikukuu za mji aliouhama. Anayetaka kujua jinsi mji huo ulivyoishi hana budi kumsoma yeye.

Wapo watakaodai kwamba biji ni uvumi mtupu. Hoja hiyo ina uzito, na hakuna mfano unaoidhihirisha kuliko Youyang zazu, kitabu cha Duan Chengshi cha karne ya 9. Humo mna habari za nchi iitwayo Bobali, ambayo wataalamu wengi huihusisha na Berbera katika pwani ya Somalia. Duan aliyaandika hayo akiwa Uchina, kwa kutegemea masimulizi ya wengine. Anataja askari 200,000 wa miguu, idadi ambayo msomaji makini ataitilia shaka. Lakini anataja pia pembe za ndovu, ambari, wafanyabiashara wa Uajemi, na watu wanaotoboa mishipa ya ng'ombe na kunywa damu iliyochanganywa na maziwa. Zaidi ya hayo, anasema kwamba wanawake wa huko walitekwa na wenzao na kuuzwa kwa wageni kwa bei iliyozidi mara kadhaa. Je, msomaji wa Afrika Mashariki aitupe habari hiyo kwa sababu idadi ya askari imetiwa chumvi? La hasha! Dawa ya uvumi ni uhakiki. Kuutupa ni uvivu.

Ikumbukwe pia kwamba Duan huyohuyo alinakili kutoka kwa mtumishi wake hadithi ya Ye Xian, yatima aliyepoteza kiatu cha dhahabu na kuolewa na mfalme, zaidi ya miaka 800 kabla ya Charles Perrault kuchapisha hadithi ya aina hiyo huko Ufaransa mwaka 1697. Fasihi simulizi iliokolewa na mtu aliyekubali kumsikiliza mtumishi.

Somo hili linawahusu wanafunzi wa Kiswahili moja kwa moja. Desturi za Wasuaheli, kilichochapishwa Göttingen mwaka 1903 na chenye mchango mkubwa wa Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, aghalabu huachiwa wanahistoria na wanaanthropolojia, ilhali nathari yake ni hazina ya lugha. Maadamu kipimo chetu cha fasihi kinakiacha nje kitabu kama hicho, kinachostahili kurekebishwa ni kipimo, wala si kitabu.