Kilo Yako Inambeba Nani?

Haya, vijana wa Masasi na Newala! Msimu wa korosho ukifika, macho yote kwenye bei ya mnada. Poa, ila utamu uko kwenye makato.

Tangu stakabadhi ghalani ianze kwenye korosho mwaka 2007, mzigo unapita chama cha msingi, kisha ghala kuu, Newala chini ya TANECU, Masasi chini ya MAMCU. Karani, mlinzi, lori, wote wanataka chao. Rahisi ni kukata kwa kilo, eti wote sawa.

Sawa wapi? Tuseme kila kupima kunagharimu shilingi 500. Wewe umeleta tani yako mara moja, jirani kaleta tani kwa safari 20. Kazi yako 500, yake 10,000. Kwa kilo, kila mmoja anakatwa 5,250. Unamlipia jamaa!

Wahasibu wajanja hufuata kazi: kupima kwa idadi ya mizani, lori kwa kilomita, ulinzi kwa siku za ghalani.

Ila ngoja. Bibi mwenye mikorosho mitatu, anayeleta kidogo kidogo, hesabu hiyo itamkaba koo. Mimi mizani ningeiacha kwa kilo, bibi apumue. Lori, hapana: kilomita zihesabiwe, na mkutano mkuu uzione.