Nyimbo za Kuchekesha na Watoto Wetu

Msimu wa kahawa ukiisha huku Mbinga, fedha huingia nyumbani. Na fedha ikiingia, makelele nayo huongezeka. Huyu hununua simu, huyu hununua spika, na yule hukodi muziki kwa kipaimara cha mwanawe. Wimbo uliotoka Dar es Salaam asubuhi husikika Litembo na Maguu kabla ya jioni, na siku hiyo hiyo waimbwa pwani ya Ziwa Nyasa, toka Mbamba Bay mpaka Liuli na Lituhi. Nyingi katika nyimbo hizo ni za kuchekesha, na watoto ndio wazishikao upesi kuliko watu wote. Mtoto ambaye jedwali la saba limemshinda mwaka mzima huimba wimbo wa namna hiyo toka mwanzo hata mwisho, asikose neno.

Hatuandiki ili kukipiga vita kicheko. Mzee Ibrahimu mwenyewe alipewa mwana ambaye jina lake lilitokana na kicheko, nasi hatujaona nyumba njema isiyo na watu wachekao. Twaandika kwa ajili ya swali moja: katika nyimbo hizi, ni nani atakayewachagulia watoto wetu zilizo njema, na kwa kipimo gani?

Tuanze na jambo tuliloliona kwa macho yetu. Katika shule moja tuliyopata kufundisha alikuwako mvulana wa darasa la tano mwenye kigugumizi. Alikuwa hodari wa hesabu, na kusoma kwa sauti alisoma, ingawa polepole, na wenzake walizoea kumngojea. Mwaka huo ukaja wimbo wa kuchekesha juu ya mtu mwenye kigugumizi anayetaka kumposa msichana na neno halimtoki, na ngoma inakatika-katika pamoja na ulimi wake. Ukapigwa katika sherehe moja kijijini. Wazee walicheka mpaka machozi. Mama zetu walicheka. Nasi walimu, tuliokaa viti vya mbele, tulicheka.

Siku ya Jumatatu mvulana yule aliposimama kusoma, mtoto mmoja akagonga dawati kwa vidole, mapigo yale yale ya wimbo. Mwingine akamfuata, na mwingine. Hakuna aliyetamka neno, basi hakuna aliyeweza kushikwa kwa kosa la kutukana. Mvulana akakaa kitako. Baada ya majuma machache hakukubali tena kusimama, na baadaye hakuja shule. Tulipokwenda kwa baba yake kumwuliza, alitutazama kitambo, kisha akasema, “Walimu wangu, hata ninyi mlicheka.” Hatukuwa na jibu.

Tangu siku hiyo tumekuwa tukiwauliza wazazi habari za nyimbo hizi, nao hujibu kwa namna tatu. Tungependa kuzipima zote tatu.

Wa kwanza husema, “Huo ni utani tu.” Kwao twajibu: ninyi mmeusahau utani. Wazee wetu waliujua utani vizuri, nao waliuwekea sheria. Mtani wako unamjua, naye anakujua. Akikutania leo, kesho una haki ya kumtania naye hana haki ya kukasirika. Msiba ukikufika, mtani ndiye ajaye mapema. Huweza hata kuingia kaburini na kukataa kutoka mpaka apewe kitu, na waliokuwa wakilia hucheka. Kisha hushika jembe na kukusaidia kuzika. Basi utani ni deni linalolipwa pande zote mbili. Je, yule mwimbaji wa mjini alimjua mvulana wetu? Je, mvulana angeweza kumjibu? Atakuja kumzika? Kicheko kisichoweza kujibiwa na anayechekwa si utani, ni kumpiga mtu aliyefungwa mikono. Wahenga walisema mzaha mzaha hutumbuka usaha. Tena walisema hujafa hujaumbika.

Wa pili husema, “Zizimwe zote, maana zote ni za dunia.” Watu hawa twawaheshimu, kwa kuwa wana uchungu na watoto. Walakini wanakosea. Kwanza, haziwezekani kuzimwa. Mtoto asiyeusikia wimbo nyumbani atausikia kwa kinyozi, sokoni, na juu ya pikipiki ya abiria. Tena atausikia bila mzazi kando yake wa kumwambia maana yake. Pili, katika nyimbo za kuchekesha zimo zilizo na akili na heshima, nasi watu wa Ziwa tunao ushahidi wa jambo hilo katika ngoma yetu wenyewe ya mganda.

Tazameni mganda ulikotoka. Ulizaliwa na beni, ngoma iliyoanza pwani ya Bahari ya Hindi katika miaka ya 1890 kwa kuigiza bendi za Wazungu, ikaenezwa barani na askari na wapagazi wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia na baadaye. Mwanahistoria Terence Ranger aliiandikia beni kitabu kizima, kilichotoka mwaka 1975. Na vita ile ilifika kwetu mapema sana: tarehe 13 Agosti 1914 meli ya Waingereza iitwayo Gwendolen iliipiga meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, pale Sphinxhafen, ambapo leo twapaita Liuli. Vijana wa Nyasa waliona watu wazima wakipangwa mistari, wakipigiwa kelele, wakienda kufa kwa amri ya wageni. Vita vilipokwisha, mistari ile ile ikageuzwa ngoma. Wakavaa kaptura na soksi nyeupe, wakajichagulia Kingi wao na Kapteni wao, wakapuliza vibuyu vyenye utando mahali pa tarumbeta, wakatembea kwa madaha ya afisa. Waliochekwa walikuwa wakubwa wenye bunduki na vyeo, wala si mnyonge. Tena kijiji kikicheza, kijiji cha pili hukaribishwa kuja kujibu. Kuwaambia watoto wetu kwamba kicheko cha namna hii ni dhambi ni kuwanyang'anya urithi.

Wala si jambo geni katika Kanisa kuchuja. Vincent Lucas, aliyekuwa Askofu wa Masasi toka 1926 hata 1944, alipoikuta jando kwa watu wa huko hakuitupa yote wala hakuipokea yote. Alitenga yaliyowafaa vijana Wakristo na yale yasiyowafaa, ingawa kazi hiyo ilikuwa na taabu na maneno mengi. Kutupa vyote ni rahisi, na kupokea vyote ni rahisi zaidi. Kuchuja ndiko kunakohitaji mtu aliye macho.

Wa tatu husema, “Serikali ipo, kuna Baraza la Sanaa.” Ni kweli, Baraza la Sanaa la Taifa lipo kwa Sheria Na. 23 ya mwaka 1984, nasi hatulidharau. Lakini kumbukeni mambo ya mwezi wa Machi 2017. Mwimbaji Nay wa Mitego alikamatwa kwa ajili ya wimbo wake uitwao Wapo, wenye kejeli kwa wakubwa, na wimbo ukazuiwa. Mara Waziri Harrison Mwakyembe akatangaza kwamba Rais Magufuli ameupenda, mwimbaji akaachwa huru, na wimbo ukaruhusiwa. Katika muda wa siku mbili wimbo mmoja ulikuwa mbaya, kisha ukawa mwema, na hakuna neno lake lililobadilika! Mzazi anayeyangoja maamuzi ya namna hii kabla ya kumlea mwanawe atachoka.

Tena liko jambo zito zaidi. Mkubwa akichekwa, ofisi husikia upesi. Mtoto wa darasa la tano akichekwa, ni ofisi gani itakayosikia? Wimbo ule wa kigugumizi hatukupata kusikia kwamba uliulizwa na mtu yeyote. Basi ulinzi wa wanyonge hautaanzia Dar es Salaam. Utaanzia jikoni kwetu, au hautakuwapo kabisa.

Yamkini msomaji atauliza: nyimbo zitajazo mambo ya aibu je? Hapa twakiri kwamba kipimo si chepesi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Remmy Ongala, mwimbaji mzaliwa wa Kongo aliyeishi na kupendwa Tanzania, aliimba Mambo kwa Soksi, wimbo wa kuchekesha uliowahimiza wanaume wajikinge na Ukimwi. Redio ya Taifa haikukubali kuupiga. Wazazi wengi waliuona kuwa ni aibu. Lakini wakati huo watu walikuwa wakizikwa, na wengi wetu hatukuthubutu hata kulitaja jina la ugonjwa mbele ya wana wetu. Remmy alithubutu, kwa kuwachekesha. Je, wimbo ule ulifaa? Kwa mtoto wa miaka sita haukufaa, maana angeshika neno bila maana. Kwa kijana wa miaka kumi na sita ulifaa kuliko hotuba zetu nyingi. Basi umri ni sehemu ya kipimo, na anayejua umri na akili ya mtoto ni mzazi wake, wala si redio. Kadhalika mipasho ya taarabu: watu wazima waliomsikiliza mwimbaji wa TOT akirusha neno walijua kwamba Muungano watarudisha jibu jukwaani. Mtoto hajui kwamba huo ni mchezo wa kujibizana. Yeye huchukua tusi peke yake, na kulipeleka kisimani.

Basi tufanyeje? Tuwatazame wakulima wetu Wamatengo. Mlima wetu ni mkali na mvua yetu ni nyingi. Mtu anayelima mtelemko bila akili hupoteza udongo wake wote katika msimu mmoja, na anayeichukia mvua hatavuna kitu. Wazee hawakufanya hayo mawili. Walilaza nyasi mistari ya kukatana, wakazifunika kwa udongo uliochimbwa katikati, shamba zima likawa ngolo, mashimo yenye kingo pande zote nne. Maji huingia, husimama, huzama taratibu, na nyasi zilizofukiwa huwa mbolea. Malezi nayo ni hivyo. Nyimbo ni mvua, zitanyesha tu. Kazi ya mzazi ni kuchimba ngolo, ili wimbo ukiingia nyumbani usimame kidogo na kutazamwa kabla haujamzoa mtoto.

Na kuutazama si kazi ya wenye elimu kubwa. Mzazi na ausikilize wimbo pamoja na mwanawe, mpaka mwisho, na amwulize maswali matatu. Wimbo huu unamcheka nani? Huyo anayechekwa anaweza kujibu? Angekuwa ameketi hapa pamoja nasi, tungeuimba? Mtoto wa miaka saba anaweza kuyajibu maswali hayo, maana tumeyajaribu darasani. Watoto hawakosi hukumu njema. Wanakosa mtu wa kuwauliza. Wimbo unaomcheka mlevi anayejisifu, mchoyo, tajiri mwenye majivuno, au sisi walimu na miwani yetu, na uimbwe, nasi tutacheka. Wimbo unaomcheka kilema, mjane, mgonjwa, mtu mwenye ualbino, au maskini kwa sababu ya umaskini wake, mzazi na auzime, kisha aseme kwa nini ameuzima. Kuuzima bila kusema sababu ni kumfundisha mtoto kuusikiliza kwa siri.

Tena yule anayekodi muziki kwa sherehe na akumbuke kwamba siku hiyo yeye ndiye mzazi wa watoto wote waliohudhuria. Mnachagua ng'ombe wa kuchinja siku nyingi mbele, mkamtazama meno na miguu. Na nyimbo je? Mwiteni mpiga muziki siku moja kabla, mwambieni zipi asipige. Fedha ni yenu, na atakubali.

Na lililo gumu kuliko yote twalitaja mwisho: tukitazame kicheko chetu sisi wakubwa. Mtoto hajifunzi kwa wimbo peke yake. Anausikia, kisha anageuka kumtazama baba yake. Baba akicheka, wimbo umepata ruhusa, na ruhusa hiyo haifutwi na mahubiri ya Jumapili wala na fimbo ya mwalimu. Twasema hivi tukijua tulikuwa tumeketi wapi siku ile.

Mvulana yule alikuwa mwimbaji wa kwaya ya watoto. Wengi hawajui kwamba mwenye kigugumizi, akiimba, mara nyingi ulimi wake hufunguka, maneno yakatoka bila kukwama. Ndivyo alivyokuwa yeye. Darasani alipigana na kila neno, lakini kanisani aliimba ubeti mzima wazi kama mwenzake yeyote, na mama yake alikuwa akikaa karibu na dirisha ili amsikie. Alipoacha shule, aliacha na kwaya. Hakutaka tena kusimama mbele za watu. Wimbo ndio uliokuwa mahali pake pa pekee pa kusema bila shida, nasi kwa wimbo tukampokonya.

Enyi wazazi wa mlimani na wa pwani, jioni hii simu zitaimba tena nyumbani mwenu. Msizikimbie, wala msiwaachie watoto peke yao. Ketini nao, sikilizeni, na kabla hamjacheka, ulizeni anayechekwa ni nani.