Kabla ya kumlaumu karani, angalieni meza yake

Ndugu mkulima, msimu wa korosho ukikaribia viongozi wa AMCOS huhangaika na magunia, kamba na usafiri. Ofisi yenyewe huachwa vilevile: meza kwenye kona, dirisha limezibwa na magunia, mizani mlangoni penye kelele za watu. Kilo zikikosewa, lawama ni za karani. Na akiwa mtu mzima utasikia, "Huyo mzee amechoka, leteni kijana."

Mimi nasema tuangalie kwanza amekalishwa wapi.

Kuanzia miaka 40 hivi lenzi ya jicho hukakamaa, na mtu huanza kusogeza karatasi mbali ili aisome. Miwani ya kusomea husaidia, ila haiongezi mwanga, na jicho la miaka 60 linahitaji mwanga mwingi kuliko la miaka 20. Masikio nayo yana yake: mkiwa wawili mzee anakusikia vizuri, lakini watu kumi wakiongea kwa pamoja maneno humchanganyikia. Ndiyo maana ofisi moja kijana ataisifu na mwenye umri wa baba yake ataichukia, na wote wawili wanasema kweli. Wewe mwenye mzigo ndiye unayelipia: 68 ikiandikwa 63, kilo 5 zimekwenda.

Wajerumani walilijaribu jambo hili kiwandani. Mwaka 2007 BMW, huko Dingolfing, walikusanya wafanyakazi 42 kwenye mstari mmoja wa uzalishaji, wastani wa umri miaka 47, wakawauliza wenyewe kinachowasumbua. Yakafanyika mabadiliko madogo 70 hivi: sakafu ya mbao, viti, lenzi za kukuzia, maandishi makubwa kwenye skrini. Ndani ya mwaka uzalishaji ulipanda kwa asilimia 7. Hawakujenga kiwanda kipya.

Sisi tuna vya kwetu. Sogezeni meza ya mizani dirishani, mwanga uingie kwa ubavu, usimpige karani usoni. Ghala likiwa na giza, toeni bati moja mwekeze la plastiki linalopitisha mwanga. Fungeni kamba, foleni isimame hatua kadhaa nyuma, abaki yule tu anayepimiwa. Kiti kiwe na egemeo. Daftari lipigwe mistari mipana ili tarakimu ziandikwe kubwa. Kijana hatapungukiwa na chochote kwa hayo.

Jambo moja linanikera: kumpa mzee chumba cha nyuma eti kwa heshima. Mara nyingi ndicho chenye giza kuliko vyote, na kinamtenga na karani mdogo ambaye angependa kukaa karibu naye amuulize. Muulizeni kwanza anataka kukaa wapi. Na kijana naye aulizwe.

Wenye maduka ya pembejeo pia mnahusika, tena ninyi hatari yenu ni kubwa zaidi. Chupa za viuatilifu na za dawa za mifugo hufanana, na maandishi yake ni madogo. Zitenganisheni rafu, ziwe usawa wa macho, mahali penye mwanga, hasa kama anayeuza ni mama au baba yako.

Kwenye mkutano mkuu ulizeni kama fedha za bati na kiti zimo kwenye bajeti. Mwenyekiti akisema hakuna, mwombeni akae yeye kwenye meza ile siku moja ya mapokezi, saa kumi na mbili jioni, aandike kilo.