Bunduki ya Bei Nafuu

Utawala wa Idi Amin ulipoanguka mwaka 1979, ghala la silaha la kambi ya Moroto liliporwa. Mwaka 1991 tawala za Siad Barre na Mengistu zilianguka, na bunduki za majeshi yao zikafika hata kwa wafugaji wa kaskazini ya Kenya. Ndivyo silaha za askari zilivyopata kununuliwa kwa ng'ombe.

Hatumhukumu mfugaji maskini atoaye ng'ombe wachache ili awalinde waliobaki, kwa maana usiku hana mlinzi mwingine. Lakini na apige hesabu yote. Bunduki kuukuu hudai risasi, na risasi hudai ng'ombe mwingine. Jirani akiiona, naye hutafuta yake. Zizi likipungua, kijana hushawishika kulijaza kwa wizi.

Wala kunyang'anya silaha upande mmoja si dawa. Huko Karamoja, baada ya zoezi lililoanza mwaka 2001, waliosalimisha bunduki walivamiwa na wasiosalimisha. Kwa hiyo twawasihi wenye mamlaka: ulinzi utangulie, kisha silaha zikusanywe pande zote kwa pamoja.