Umeme wa magharibi na bei yake

Mwezi uliopita tuliongea habari ya maji ya kisima. Safari hii tuongee umeme, maana mitihani imekaribia na watoto wanasoma usiku.

Bei ya samaki sote twaijua. Mashua zikiingia pamoja asubuhi, samaki ni rahisi. Jioni wamebaki wachache na kila mtu anataka kitoweo, basi bei inapanda. Hata mwenye kuchaji simu sokoni, mchana anatumia jua anatoza kidogo. Usiku akiwasha jenereta anaongeza, kwa sababu petroli ananunua. Zipo nchi ambazo umeme wa nyumbani nao unauzwa hivyo hivyo, bei inapanda na kushuka kwa saa.

Sababu ni kwamba umeme hauwekwi ghalani kama mahindi. Unaotumika sasa ndio unaozalishwa sasa. Betri zipo, lakini za kutosha mji mzima ni ghali. Magharibi watu wanarudi nyumbani, wanawasha taa, majiko na televisheni kwa pamoja, na mara nyingi hapo ndipo inabidi kuwasha mitambo ya akiba, ya gesi au dizeli. Usiku wa manane inazimwa.

Hispania, tangu 2015, nyumba nyingi zinalipa kwa saa. Bei za kesho zinatangazwa jioni ya leo, na mama anajua saa ya kufua nguo kwa mashine. Uganda wamefanya hivyo kwa viwanda: ghali ni kuanzia saa 12 jioni hadi saa 6 usiku. Kenya walianza Desemba 2017 kuwapunguzia bei wenye viwanda wanaofanya kazi usiku.

Lakini tusishangilie haraka. Februari 2021 kule Texas, Marekani, baridi kali iligandisha mitambo, na uniti moja kwenye soko la jumla ikafika dola 9. Familia zilizokuwa na mkataba wa kufuata bei ya soko zikadaiwa maelfu ya dola kwa siku chache tu. Bei ya namna hii inamfaa anayeweza kuhamisha kazi zake. Mwenye mgonjwa wa kupumulia mashine atahamisha nini?

Huku kwetu mita ya Credelec haiangalii saa. Uniti ya saa 1 usiku ni bei ile ile ya saa 6 mchana. Ndugu zetu wa Mtwara wana utaratibu wa TANESCO, asiyezidisha uniti 75 kwa mwezi anapata nafuu, lakini hiyo ni bei ya wingi, sio ya saa.

Hata hivyo magharibi tunalipa kwa njia nyingine. Umeme wetu unatoka Tete, bwawa la Cahora Bassa kwenye mto Zambezi, unapita Nampula mpaka kufika huku mwisho wa waya. Wote tukiwasha pamoja, taa zinafifia, friji inanguruma bila kugandisha. Na nyumba nne tano zilizochangia mita moja, akitokea mmoja akawasha jiko la umeme saa 1 usiku, swichi kubwa inaruka. Sote gizani, na mtoto na daftari lake.

Hesabu hii tunawafundisha watoto darasani, nanyi waulizeni. Uniti moja ni wati 1,000 kwa saa moja. Pasi ya wati 1,000 inaimaliza kwa saa moja. Taa ya wati 10, ukiiwasha saa 4 kila usiku, inakwenda nayo siku 25! Kwa hiyo yunifomu zipigwe pasi mchana. Simu zichajiwe mchana. Wenye friji za samaki wagandishe chupa za maji mchana, magharibi wasifungue fungue mlango. Zile chupa zinashika baridi.

Wanaochangia mita wakae chini wapatane: saa 12 jioni hadi saa 4 usiku ni taa tu, jiko na pasi hapana. Na anayeongeza waya juu ya waya, tafadhali, tusije tukaunguza mahema.

Mwezi ujao tutasoma pamoja risiti ya Credelec, namba moja baada ya nyingine. Ukiwa nayo ya zamani usiitupe, mpe mtoto aje nayo darasani.